Mwisho wa Kitabu Kilicholiwa na Mchwa

Sifa kwa Bwana, wapendwa! Itikeni kwa nguvu, maana macho yangu hayawaoni, lakini masikio bado ni ya mwalimu. Amina!

Mimi ni Mwalimu Feza wa Alunguli. Wengi humu niliwafundisha Kifaransa, na wengine niliwapigisha magoti. Leo ninasimama kwa kujivuna, Mungu anisamehe, kushuhudia namna alivyonifungua.

Ndugu zangu, vita ilipofika hapa kwetu Kindu nilikuwa na sanduku la bati lenye vitabu vya shule. Kabla ya kukimbilia pori nikalizika katika shamba la mihogo. Marehemu mume wangu alishika kichwa: "Feza, uko nazika vitabu, masufuria unaacha inje?" Niliyaacha. Tuliporudi, masufuria yalikuwa yameibwa, na vitabu vimeliwa na mchwa! Kila mkulima wa hapa anawajua mchwa wa mashamba yetu. Mimi na diploma yangu ndio tuliosahau.

Kilibaki kimoja, riwaya ya zamani ya ndugu wawili waliogombana juu ya kinu cha baba yao, hata mdogo akahama. Kurasa za mwisho zilikuwa vumbi. Niliwasomea wanafunzi wangu, watoto waliotoka pori, wengine bila wazazi. Kila siku waliniuliza, "Mwalimu, watapatana?" Niliona haya kusema sijui. Nikawaambia mwisho ni wa darasa litakalofaulu mtihani.

Wakafaulu wote!

Basi nikakazia macho jalada la nyuma, nikawasomea uongo. Mdogo alirudi, mkubwa akamfungulia mlango, wakala ugali katika sahani moja. Ndiyo, ugali, katika riwaya ya Wafaransa! Watoto walipiga makofi mpaka mkurugenzi wa shule akaja kuchungulia.

Uongo ule ulinikaa moyoni. Miaka ikapita, macho yakafifia, mwishowe yakazima kabisa. Nikajiambia, Feza, macho yaliyosoma yasiyoandikwa ndiyo haya yamefungwa. Sikutaka tena kutoka nyumbani. Mwalimu bila kitabu, ni nani?

Ndipo akaja Asha, mmoja wa wale wanafunzi, sasa ni muuguzi, akaniwekea telefone mkononi. "Mwalimu, kwa interneti iko vitabu ya zamani, watu wanavisoma kwa sauti. Ni bure. Sikiliza."

Ndugu zangu! Kifaransa safi kikanijia masikioni! Watu nisiowajua, kila mtu kwao, wameketi wakasoma kitabu kizima ili mimi nisikie, wala hawadai kitu. Asha anavipakua mjini kwenye mtandao mzuri, ananiletea. Nikimaliza kuchagua maharagwe, nimemaliza na sura mbili. Mimi kipofu, nimesoma mwaka huu kuliko nilivyosoma nilipokuwa na macho! Haleluya!

Siku moja sauti ikaanza: ndugu wawili, kinu cha baba. Asha alikuwa kando yangu. Ningeweza kumwambia azime, lakini nilichoka kuficha. Tukasikiliza hadi mwisho. Mdogo alirudi, akakuta kaburi la kaka yake.

Nikalia. "Asha, niliwadanganya ninyi watoto."

"Nilijua, Mwalimu. Nilikisikiliza kwanza, mbele ya kukuletea."

"Na hukusema?"

"Mimi na kaka yangu tulikosana tangu vita. Yeye alikuwa Kampene kwa machimbo, hakuna mwenye kumutumia mwenzake salamu. Nilikuwa nakumbuka ile ugali yako. Nikapanda pikipiki, nikaenda. Mwalimu, ungetusomea ile kaburi, singeenda. Alinifungulia mulango."

Wapendwa, pale pale mzigo ulidondoka. Uongo ni uongo, sitafundisha mtoto yeyote kudanganya, na mbele yenu nimeutubu. Lakini Bwana aliuokota ule uongo wangu, akaufanyia kazi! Ninamshukuru, na ninajivuna, sifichi.

Wewe ambaye macho yamezima, au hukupata shule, usikae ndani kama nilivyokaa mimi. Mwamini Mungu, halafu njoo kwangu Alunguli Jumamosi baada ya soko. Leta kiti chako, vitabu vipo. Na kila kitabu tutakisikiliza hadi mwisho wake wa kweli.

Asha na kaka yake ni Waislamu, lakini leo wamekuja kunisindikiza, wamekaa pale nyuma. Simameni, wanangu, wawaone.

Siwaoni, lakini benchi nimelisikia likilia. Wamesimama wawili. Amina!