Bi Mkasi Anaondoka kwa Miguu Yake

Tarehe thelathini mwezi huu wa sita, mkata vitambaa mkuu wa karakana yetu ya sare, ambaye sote tunamwita Bi Mkasi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu kazini. Anastaafu kwa tarehe yake, akiwa amesimama mbele ya meza yake. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Sisi tuliokuwepo mwaka ule wa kidonda tunajua kwamba miguu hiyo ilishaanza kuagwa kabla ya mwenyewe.

Alianza kwa kufagia vipande na kukata nyuzi zinazoning'inia. Kutoka hapo akapewa cherehani, kisha akashika mkasi, na mkasi haukumtoka tena. Ndiye aliyebuni ule mfuko wa gauni la wauguzi usiochanika hata ukijazwa funguo. Ndiye aliyetufundisha kuzilaza suruali za wanafunzi kichwa kwa miguu juu ya kitambaa, hata vipande vinavyobaki havitoshi kushona leso. Wakataji wote wa leo wametoka mkononi mwake, na wote wana tabia yake ya kukipapasa kitambaa kwa kiganja kabla ya kukikata, kama mtu anayebembeleza mtoto alale.

Jicho lake ni futi. Mtu akiingia mlangoni, kiuno chake ameshakijua. Msimamizi wetu alipotaka kushonewa koti la sherehe akamtajia namba ya kiuno, Bi Mkasi alimjibu bila kuinua kichwa, "Hiyo ni namba ya mwaka uliooa, bosi." Koti likashonwa kwa namba ya kweli. Msimamizi analivaa mpaka leo, na vifungo vyote vinafungwa.

Sasa, kukata ni kazi ya kusimama. Miaka ikapita, miguu ya Bi Mkasi ikaanza kuwa mizito jioni, mishipa ikajitokeza kama kamba chini ya ngozi, naye akazidi kurefusha sketi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na kidonda kilichotokea juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto, kikakataa kupona. Daktari alimweleza kwamba vile vijilango ndani ya mishipa inayorudisha damu juu vimelegea, kwa hiyo damu inatuama miguuni. Ugonjwa huo hauondoki, ila unaweza kushikwa. Kidonda kikafungwa bendeji za kubana mpaka kikakauka. Kisha akaambiwa kwamba kuanzia hapo ni soksi za kubana, kila siku, na aje kliniki asubuhi apimwe.

Hapo ndipo fundi wetu alipokosea kosa la fundi. Apimwe, yeye aliyepima nusu ya mji? Alijipima mwenyewe, jioni baada ya kazi, miguu ikiwa imeshavimba. Tena akaongeza vidole viwili vya nafasi ya kupumua, kama tunavyoongeza kwenye kila nguo. Akaenda dukani na vipimo vyake, akarudi na soksi zilizoteleza mguuni bila taabu yoyote. "Sasa hizi watu wanalalamikia nini?" alituuliza. Kufika saa nne zilikuwa zimeshuka na kujikunja vifundoni kama mikono ya shati la kurithi. Tulicheka, naye akacheka. Wiki chache baadaye kidonda kikafunguka palepale, chini ya mkunjo.

Safari hii daktari hakubembeleza. Kikifunguka tena, alisema, kazi ya kusimama basi. Msimamizi, kwa moyo mzuri kabisa, akaleta kiti chenye mto akakiweka karibu na meza, akaanza kuzungumzia nafasi ya stoo, huko kwenye vifungo na zipu, mpaka mipango ya kustaafu mapema ikamilike. Bi Mkasi alikitazama kile kiti kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Cha nani hiki?"

"Chako, mama."

"Basi kinisubiri."

Kidonda kilipokauka mara ya pili, alikwenda kliniki asubuhi na mapema, kabla miguu haijavimba. Nesi, msichana wa rika la binti yake wa mwisho, alianza kwa kumpima mapigo ya damu kwenye miguu, kwa sababu soksi hizi si za kila mtu. Mwenye mishipa iliyoziba, ambaye damu yake haifiki vizuri kwenye vidole, zinaweza kumdhuru. Kisha akapima pembamba pa kifundo, panene pa kigimbi, na urefu kutoka kisigino hadi chini ya goti. Bi Mkasi akaichungulia ile futi.

"Umesahau kuongeza, mwanangu."

"Siongezi, mama. Nguo inaufuata mwili. Hii, mguu ndio unaoifuata."

Bi Mkasi akaiachia futi, akasema, "Kinyozi hajinyoi." Saizi ilitoka mbili chini ya ile aliyojipimia. Kilichobaki kumtia hofu ni rangi, ile ya hospitali inayofanana na plasta. Nesi akamtolea za damu ya mzee, na hapo akatabasamu.

Kuzivaa ilikuwa vita. Asubuhi ya kwanza mzee wake, akiwa sebuleni, alisikia zile pumzi chumbani akauliza kama anasogeza kabati. Lakini aliyekata turubai hashindwi na soksi. Alijifunza kuigeuza ndani nje mpaka usawa wa kisigino, kuingiza vidole, kukalisha kisigino mahali pake, halafu kuipandisha kidogo kidogo kwa viganja, amevaa glavu za kuoshea vyombo, bila kuivuta kwa ukingo wala kuikunja juu. Ukibaki mkunjo mmoja, anaanza upya. Jioni anazivua, ndipo anapopaka mafuta. Anazifua kwa mkono na kuzianika kivulini. Siku si nyingi tukamwona anaingia na sketi aliyoikata mwenyewe ikaishia magotini, soksi zote nje. Akapita mbele ya kile kiti, akaweka mkoba wake juu yake, akashika mkasi.

Huu ni mwaka wa sita, na kidonda hakijarudi.

Mimi mshona vifungo niliyepewa kazi ya kuandika haya, nilipokuwa na mimba ya mwanangu miguu ilinijaa, nami nikaanza kurefusha magauni. Bi Mkasi aliona. Nilidhani atatoa futi shingoni, lakini hakuitoa. Asubuhi yake alinishika mkono tukaenda kwa yule yule nesi, akamwambia, "Huyu mpime wewe. Mimi miguu niliacha." Tuliporudi akaondoa mkoba wake kwenye kiti, akanisogezea. Nimekikalia nikiwa mzito, na nimemnyonyesha mwanangu hapo, huku Bi Mkasi amesimama pembeni yetu anakata na kumwimbia. Hatua za kwanza za mtoto huyu zilitoka kwenye kiti kile kwenda kwenye meza ile, akaikumbatia soksi ya damu ya mzee kwa mikono miwili. Bi Mkasi hakusogea mpaka mtoto alipoachia mwenyewe.

Ijumaa iliyopita alikata oda yake ya mwisho, magauni ya wauguzi, amesimama tangu kengele ya asubuhi. Zawadi yetu kwake ni jozi mpya za soksi, maana zikivaliwa sana hulegea. Vipimo vimetoka kwa nesi, hatukuthubutu kuongeza chochote. Msimamizi naye ameandaa gari la kumfikisha nyumbani. Bi Mkasi ameshukuru sana, na amesema gari libebe zawadi.

Bi Mkasi, mama yetu, asante kwa kila kilichopita chini ya mkono wako, sisi tukiwemo. Maisha yaliyo mbele yakukae sawasawa, bila mkunjo. Tutakusindikiza kwa miguu mpaka mlangoni kwako. Tunakuomba kitu kimoja tu: nenda polepole kidogo, mama, na sisi tukufikie.