Neno Lililobaki

Mheshimiwa mkuu wa maktaba yetu ya Alby, Bi Rebecka, Mchungaji Mashauri, ndugu zetu Wanepali, hata mliotoka mbali Upplands Väsby, ndugu tunaoelewana kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwao, na wewe mwenye siku, dada yetu mwandishi Pabitra Ghale: nawasalimu wote.

Mimi ni Alphonse. Mke wangu Madeleine alifariki mwaka jana. Nimeombwa nizungumze juu ya mwandishi, nami sijui njia ya kumfikia isipokuwa kwa kumpitia marehemu.

Dada Pabitra alikuwa mwalimu huko vilimani kwao. Aliandika habari za wanawake ambao waume zao wamekwenda Uarabuni kutafuta kazi, wao wakaachwa na mbuzi na mama mkwe. Hapa Stockholm anapika kwenye jiko la shule. Kitabu chake hiki kipya, ambacho leo tunakipokea kwa Kiswidi, alikiandikia kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, maana pale pana joto na mashine haimuulizi mtu maswali.

Ndipo alipokutana na Madeleine. Kiswidi chao wote wawili kilikuwa cha kununulia mkate tu. Lakini waligundua kwamba sabuni kwa Kinepali ni sabun, kitabu ni kitab, kalamu ni kalam, dunia ni duniya. Je, urafiki unahitaji maneno mangapi? Madeleine alimwambia, "Wee, sabuni yako hii ni ya kuogeshea panya?" Mwenzake akaitikia, "Sabun, sabun!" wakacheka mpaka wakashika mashine. Mimi Pabitra aliniita "dai". Nikamuuliza mke wangu, "Huyu ananidai nini, zamu ya kufua?" Kumbe kwao dai ni kaka.

Sasa nafika panaponichanganya. Siku ya mwisho ya Madeleine hospitalini, nilimwacha na Pabitra nikashuka kituoni kumpokea binti yetu Christelle. Tuliporudi, Madeleine alikuwa ametutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Pabitra. Pabitra akaniambia kwamba Madeleine alitamka neno moja tu: "Baki."

Kwetu ni kaa, usiende. Alikuwa akimwambia nani? Mimi niliyekuwa nimekwenda? Lakini kwa Kinepali, baki ni kilichosalia, kitu ambacho bado hakijaisha. Hivyo ndivyo Pabitra alivyosikia, akaenda akaandika. Mwanamke wa kitabuni anakunja soksi mbili mbili kama Madeleine, anaimba kwa pua kama Madeleine, halafu hafi. Nilimuuliza Christelle, "Mbona mama yako hafi?" Akanijibu kwa Kiswidi chake, "Pappa, huyo si mama. Hiyo ni riwaya." Nilikasirika. Nikafurahi. Nikafungua tena ukurasa uleule ambapo hafi.

Juzi, kwenye ngazi, Pabitra aliniuliza, "Dai, nilielewa vibaya?" Akasema nikijibu ndiyo, leo hatausoma ukurasa ule mbele yenu. Nikamwahidi jibu hapa.

Dada, jibu sina. Nimelitafuta kanisani, nimelitafuta kwenye treni ya kwenda kazini Jordbro. Siku nyingine nasikia neno lile kwa lugha yangu, siku nyingine kwa yako, na siku nyingine sisikii kitu, naona soksi tu.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza hata pale nilipopotea. Dada Pabitra, usome ukurasa ule. Usome polepole. Safari hii sishuki kituoni. Dai wako nabaki.