Mshika Mkono: Historia ya Mwandishi wa Katalogi

Ndugu wafiwa, majirani, wasanii, wafanyakazi wa jumba la sanaa, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, kabla ya lolote familia ina ombi moja, kwamba kama yupo mtu aliyeona viti na watu akaingia akaketi, na mpaka dakika hii hana hakika ni nani aliyelala mbele yetu, basi amuulize jirani yake sasa hivi, bila haya, maana kuuliza si ujinga, na mtakapoisikia historia hii hadi mwisho mtaelewa kwa nini tumeanza hivyo. Aliyelala hapa ni kaka yetu, mume, baba na babu, mwandishi wa katalogi, yaani vile vitabu vya maonyesho vinavyoeleza kila picha na maisha ya aliyeichora, ambaye wengi wenu mlimwita Mshika Mkono.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Juni 1949, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mke wake, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, ambamo cherehani ya baba ilikuwa karibu na kitanda chetu kiasi kwamba tulilala kwa mlio wake na kushtuka ulipokoma. Alikuwa mtoto mwenye haya kupita kiasi, mama akipenda kusema kwamba huyu ukimtuma dukani akakuta foleni, heri arudi bila chumvi kuliko kuuliza wa mwisho ni nani, nasi tulicheka, kwa kuwa haya kwa mtoto ni tabia njema na hakuna aliyedhani kwamba siku moja ingemponza.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957, akaingia sekondari mwaka 1964 na kumaliza Novemba 1967, akijulikana kwa mwandiko mzuri na kwa kutonyoosha mkono darasani hata alipolijua jibu, kisha akasomea ukutubi na uchapaji kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1971, akatunukiwa cheti ambacho baba alikitundika juu ya cherehani mahali ambapo kila mteja angelazimika kukiona.

Mwezi Februari 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kuwa msahihishaji, kazi ya kusoma karatasi ambazo wino wake haujakauka na kukamata makosa kabla mtambo haujayazalisha, na hapo ndipo alipompata rafiki wa maisha, fundi wa mtambo ambaye sote tulimwita Fundi Wino kwa sababu hata siku za mapumziko vidole vyake havikutakata. Tarehe 1 Septemba 1977 alihamia jumba la sanaa, katika chumba kidogo cha ghorofani chenye dirisha moja na harufu ya gundi, akawa mtu wa kupima kila picha kwa utepe, kimo kwanza, upana baadaye, kuandika imechorwa kwa rangi gani na juu ya kitu gani, kisha kumtafuta mchoraji na kumuuliza maisha yake, ili atakayekifungua kitabu miaka hamsini baadaye ajue kwamba picha ile ilitoka kwenye mikono ya mtu.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980 na mwalimu wa hesabu, Fundi Wino akiwa mpambe wake, akiwa amevaa glavu nyeupe kuficha vidole, na Mungu akawajalia watoto watatu, binti aliyezaliwa Mei 1982 na mapacha wa kiume waliozaliwa Agosti 1985, ambao wamemletea marehemu wajukuu watano.

Sasa tunafika mwaka 1988, na hapa ndipo kikao cha familia kilipokwama jana, kwa kuwa baba mdogo alisema wazi kwamba ya ndani yabaki ndani na kwamba mtu hazikwi na aibu zake zikipigiwa kipaza sauti, na wengi wetu tuliitikia kwa vichwa, mpaka mjane aliposema, “Someni yote. Yeye aliishi na aibu hiyo miaka thelathini na mitano, sisi itatushinda nusu saa?” Hivyo tunasoma.

Mwaka ule jumba la sanaa liliandaa maonyesho makubwa ya wachoraji wa kisasa, na miongoni mwao alikuwa mama mmoja aliyechora juu ya milango mikuukuu iliyong'olewa kwenye nyumba zilizobomolewa, akiacha bawaba na matundu ya funguo yawe sehemu ya picha, ndiyo maana akaitwa Mama Milango, na marehemu alikuwa ameipima milango yake yote, iliyoletwa na mkokoteni, lakini mwenyewe alikuwa hajamtia machoni. Alhamisi tarehe 10 Machi alikwenda nyumbani kwake kumhoji, akakuta viti vimepangwa uani, watu wameinamisha vichwa, karakana imefungwa kwa kufuli na brashi zimekauka ndani ya kopo dirishani, na moyo wake ukamwambia kwamba mchoraji amefariki. Aliona haya kuwauliza wafiwa nani amewafia. Aliketi, akainamisha kichwa kama wenzake, kisha akamwendea mwanamke aliyekuwa akipokea wageni mlangoni, akamshika mkono akasema, “Pole sana, dada,” naye akajibu, “Tumeshapoa, kaka, asante kwa kuja,” na marehemu akaondoka. Chini ya kucha za mkono ule kulikuwa na rangi ya buluu, aliiona kwa macho yake, na akili isimpe chochote.

Kurasa zilikuwa zinaingia mtamboni, kule kule kiwandani kwa Fundi Wino, kesho yake, hivyo alirudi akaandika mwaka wa kuzaliwa 1941, akachora kistari, akaandika 1988, akazungushia mstari mweusi, na chini yake akamwandikia taazia ambayo kiwandani walisema ndilo andiko lake zuri kuliko yote, na huenda walisema kweli, jambo ambalo lilimwumiza zaidi kila alipolikumbuka.

Maonyesho yalifunguliwa jioni ya Jumamosi tarehe 9 Aprili, ukumbi ukiwa umejaa hadi kwenye ngazi, na mkurugenzi akawaomba wageni wasimame dakika moja kwa heshima ya mchoraji aliyetutoka, wakasimama wote, na nyuma kabisa, karibu na mlango, alisimama pia Mama Milango mwenyewe, kwa adabu, mikono imefumbatwa, akimwombea marehemu asiyemjua. Walipoketi akamuuliza aliye jirani yake, “Kwani tumesimamia nani?” akapewa katalogi, akafunua, akajisoma. Kisha akapita katikati ya watu mpaka kwa kaka yetu, akamtazama vizuri, akasema kwa sauti ya chini ambayo marehemu alituambia baadaye, wodini, angetamani ingekuwa kelele, “Si wewe uliyekuja kutupa pole ya msiba wa mama yetu? Uliushika mkono wangu huu, kaka. Ulikuwa wa baridi?”

Laiti historia ya siku ile ingeishia hapo, kwani kukosea ni ubinadamu, lakini mkurugenzi alifika akiwa ametoka jasho, akauliza kumetokea nini, na kaka yetu, mbele ya mwanamke yule aliyeujua ukweli wote, akasema, “Ni kosa la kiwandani.” Mama Milango hakumbishia. Alikwenda kusimama karibu na milango yake.

Jumatatu ikaagizwa karatasi ndogo ya masahihisho ya kubandika ndani ya kila katalogi, ikisema kwamba kutokana na kosa la uchapaji mchoraji ametajwa kuwa marehemu ilhali yu hai, na karatasi hiyo, ndugu zangu, ilikwenda kuchapwa na Fundi Wino, ambaye alipanga herufi moja baada ya nyingine za kumtia yeye mwenyewe hatiani kwa kosa lililotoka kwa rafiki yake, na alipomaliza aliuliza tu, “Nichape ngapi?” Waliendelea kusalimiana, walialikana, watoto wao walisoma pamoja, na marehemu kila siku alijiambia atamwomba radhi kesho, mpaka Oktoba 1996 Fundi Wino alipofariki kwa maradhi ya mapafu, na kesho ikawa haipo tena. Mjane wake yuko hapa pamoja nasi, na mbele ya watu wote hawa familia inamwambia, shemeji, tusamehe, mume wako hakukosea herufi hata moja.

Maji yakimwagika hayazoleki, na katalogi nyingi zilikuwa zimekwishatumwa kwenye makumbusho na maktaba za nchi za mbali bila ile karatasi, waandishi wengine wakanakili, na walionakili nao wakanakiliwa, kwa hiyo Mama Milango, akiwa anachora kila siku, akawa haalikwi popote, maana nani amwalike maiti. Mwaka 1993 alisafiri kwa nauli ya kuchangiwa kwenda kuona milango yake miwili katika maonyesho ya ng'ambo, bawabu akamzuia kwa heshima zote, akamwonyesha kitabu, “Mama, mchoraji huyu alishafariki, imeandikwa hapa,” naye akaketi kwenye ngazi za nje mpaka jioni, akarudi nyumbani bila kuiona.

Tangu kosa lile kaka yetu hakuandika mstari juu ya mtu yeyote bila kwenda mwenyewe kumshika mkono, awe mlimani, awe wodini, awe gerezani, na wasanii wakampa jina la Mshika Mkono wakidhani ni uungwana, wakampenda kwa jambo lililotokana na aibu asiyoweza kuwaambia. Kila tarehe 10 Machi alikwenda kwa Mama Milango, naye akimnyooshea mkono mlangoni na kusema, “Haya, kagua,” au, siku akiwa amechangamka, “Karibu, marehemu amekuandalia chai,” kisha kaka yetu akirudi ghorofani kuziandikia maktaba kwamba mchoraji yu hai, yu mzima, amemwona. Nyingine zilisahihisha, nyingine hazijajibu hadi leo. Alistaafu tarehe 30 Juni 2009, lakini kuandika hakuacha.

Jambo jingine nalo lazima tulisome, ingawa hapa aibu ni yetu. Wengi wenu mnakumbuka kwamba marehemu akifika msibani hakuwa akitoa pole mpaka asimame langoni na kuuliza kwa sauti, “Aliyefariki ni nani?” hata pale ambapo tangazo lilikuwa limekwishasambaa mji mzima, mkewe akimfinya, sisi tukitazama chini, na mwaka 2011, alipouliza hivyo langoni kwa wakwe watarajiwa wa mmoja wa mapacha, siku aliyofariki mzee mwenye nyumba, posa nusura ivunjike. Baada ya hapo tukakubaliana, bila kumwambia, kwamba misiba mingine tutamficha, na tukamficha, miaka mingi, tukisema miguu inamsumbua, na kumbe mtu mzima yule tuliyemwonea haya ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa amejifunza kuuliza.

Mwaka 2019 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kuanzia Februari 2023 alilazwa. Tarehe 10 Machi, kwa kuwa safari hii hakuweza kwenda yeye, Mama Milango alikuja wodini kwa mkongojo, akamnyooshea mkono kitandani, na tulipomuuliza huo ni mchezo gani, marehemu akageukia ukutani, akasema, “Waambie wewe, mimi sijawahi kuweza.” Naye akatuambia yote, bila chuki, akicheka hapa na pale, na kaka yetu alilia mbele ya watoto wake kwa mara ya kwanza, akatuagiza kwamba yasomwe siku atakapozikwa, na Fundi Wino atajwe. Alifariki dunia Jumatano tarehe 3 Mei 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomvumilia alipokuwa akiwashika mkono kila mmoja na kuuliza jina lake kabla hajakubali sindano, inawashukuru majirani waliotupokelea watoto na kutuwashia jiko, wafanyakazi wenzake wa jumba la sanaa na wa kiwanda cha uchapaji, na wasanii wote aliowaandika, ambao leo tumewaona wamekuja kwa miguu yao, wazima, kama alivyowaandika.

Shukrani ya mwisho ni kwa mama aliyeketi safu ya mbele, mwenye rangi chini ya kucha. Asubuhi ile daktari alipotupa taarifa, hakuna kati yetu aliyethubutu kuiandika tarehe, tulikuwa tumeogopa kalamu, tukaamua kufanya kama alivyofanya yeye, tukapita mmoja mmoja, mke, watoto, ndugu, tukaushika mkono wake, na bado tukasitasita, kila mmoja akisema labda bado una joto kidogo. Mama Milango ndiye aliyekuwa wa mwisho, akaushika kwa mikono yake miwili, muda mrefu, akaulaza taratibu juu ya shuka, akasema, “Wa baridi. Andikeni.”

Tumeandika, kaka, 1949, kistari, 2023, na hatukukosea. Pumzika kwa amani.