Mkunga Aliyetuvua Viatu

Mimi ni mtu wa bahati, na ninaandika hivi bila kuona haya. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko chumba cha kufulia cha hospitali yetu. Sijawahi kuungua na pasi, sijapoteza hata foronya, na mke wangu aliingia wodi ya wazazi mara moja tu, akatoka na mtoto kifuani. Wapo wakubwa walioingia humo na vyeo vyao, wakatoka mikono mitupu. Mimi, mtu wa sabuni, nilitoka nimejaa.

Ndiyo maana karatasi hii ya sherehe nimepewa mimi, ingawa shule niliiaga mapema na yenyewe haikunililia. Katibu wa hospitali alitaka aandike mtu wa wodini. Nikamwambia, "Bosi, wa wodini wanamjua kwa sura. Mimi ninayefua sare zake namjua mpaka mifukoni." Akacheka, akanipa kalamu.

Haya basi. Ijumaa hii, tarehe 28, mkunga wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Aliajiriwa wodi ya wanaume, kusafisha vidonda. Akaombwa aende wodi ya wazazi wiki mbili tu, amshikie nafasi mwenzake aliyekuwa likizo. Mwenzake aliporudi alikuta kabati zimepangwa upya, vitanda vimegeuzwa upande, na akina mama wanamwita yule mgeni kwa jina la utani. Akageuza, akaenda kuomba kazi kwingine. Zile wiki mbili zinaisha Ijumaa.

Mifukoni mwake nimekuta penseli zilizotafunwa, utepe wa kupimia matumbo, kipande cha mkate kikavu, na siku moja meno ya bandia ambayo mpaka leo hayajapata mwenyewe. Sauti yake inafika getini. Daktari mkuu aliwahi kuzuiwa na yeye mlangoni mwa chumba cha kujifungulia kwa sababu ya viatu vyenye tope. "Daktari," alimwambia mbele yetu, "humu wanafika watu wapya kabisa. Ndiyo utawakaribisha na matope?" Daktari mkuu akavua. Nani katika hospitali hii hajavuliwa viatu na mama huyu?

Hapo ndipo lilipotoka jina lake la sasa, Mama Viatu. Kila siku ya kliniki ya wajawazito, kabla mtu hajapimwa presha, yeye hupita kwenye mabenchi: "Viatu chini, mama. Viganja juu. Vinawasha?" Mlinzi wa getini husema benchi likijaa linafanana na duka la mitumba, na kwamba wapo wanaokuja wamepaka kucha rangi kwa ajili ya ukaguzi. Wanafunzi wa ukunga wakifika hapa huona ni kituko. Wakishaambiwa sababu, hawacheki tena.

Sababu nitaieleza kama alivyonieleza mimi. Mimba ikishakuwa kubwa, ini la baadhi ya wanawake huelemewa, nyongo ikashindwa kupita. Aliniuliza, "Bomba la maji machafu kule kwako likiziba, maji huenda wapi?" Nikamjibu kwamba yanarudi sakafuni, tunalowa sote. "Basi nyongo nayo inarudi kwenye damu," akasema. Mama anawashwa viganja na nyayo, anajikuna mpaka anatoka damu, wala hana upele hata mmoja. Mama mwenyewe ataumwa, atapona. Anayeweza kufa ni mtoto, humo humo tumboni, ghafla, wiki za mwisho, na jana yake alikuwa akicheza vizuri.

Kwa hiyo nyayo zinazowasha, kwa mkunga wetu, si jambo la mafuta ya kupaka. Ni damu ipimwe leo. Kwa miaka kumi amewakuta akina mama kumi na wanne kwa njia hiyo. Watoto kumi na watatu walilia. Mmoja mama yake alifika amechelewa. Hesabu hiyo ninaijua kwa sababu shuka zao zote zimepita mikononi mwangu.

Na shuka husema. Za chumba cha kujifungulia hutufikia zimesokotwa ovyo ndani ya mfuko, fundo juu, na sisi tunazipokea kwa matani na redio. Lakini zipo zinazokuja zimekunjwa. Mtoto asipolia, mkunga huzikunja shuka zile kwa mikono yake, pembe kwa pembe, zikiwa bado na damu, ndipo azitie mfukoni. Hakuwahi kutueleza maana yake. Tulielewa wenyewe. Mfuko ukifunguliwa zikaonekana zimekunjwa, redio inazimwa, na hakuna anayefungua mdomo mpaka zianikwe.

Sasa nije kwangu. Miaka minane iliyopita, Jumatano, saa tano asubuhi, mke wangu alinifuata kazini. Hakuwa na desturi hiyo. Tumbo la wiki thelathini na tano lilitangulia mlangoni, yeye akafuata, peku, viatu mkononi. Nyayo zake alikuwa amezikuna kwa kitana cha plastiki mpaka ngozi imechubuka. Akasema, "Yameanza." Basi, neno moja. Niliacha mashine inazunguka, nikamshika mkono. Kutoka kwangu mpaka kliniki ni hatua mia mbili na kumi. Tulizitembea bila kusema kitu, na mimi ni mtu ambaye hunyamaza nikiwa usingizini tu, na hata huko mke wangu anasema nabishana.

Mkunga alizitazama nyayo, akavitazama viganja, kisha akaketi chini sakafuni, mkubwa mzima na sare yake nyeupe niliyoinyoosha jana yake. Akavishika vidole vya miguu vya mke wangu kama anavipasha moto. Halafu akainuka, na kliniki yote ikajua ameinuka. Damu ikatolewa, ikapelekwa maabara kubwa. Vidonge vikaanza siku hiyo hiyo. "Hivi ni vya kupunguza mwasho," alituambia. "Mtoto havimlindi. Sitawadanganya." Kila asubuhi mke wangu alilala na mkanda tumboni, mashine ikichora mapigo ya mtoto kwenye karatasi, na mimi nikiitazama ile karatasi kana kwamba najua kuisoma.

Majibu yalirudi Jumamosi. Nyongo kwenye damu ilizidi kiasi cha kawaida zaidi ya mara kumi. Daktari na mkunga wakakubaliana: wiki ya thelathini na sita ikitimia, yaani Jumatano inayofuata, aanzishiwe uchungu.

Mama mkwe wangu alikataa. Alisimama katikati ya kliniki, mkoba kwapani, akanigeukia mimi, maana mimi ndiye wa karibu kugombezwa. "Mtoto si shuka, useme amekauka tumwanue! Safari hii mwacheni aje kwa siku yake." Mke wangu alikuwa amekaa akiangalia ukuta.

Mkunga akamvuta kwenye benchi. Akavua viatu vyake mwenyewe kwanza, mama mkwe naye akajikuta amevua, wakakaa peku wote wawili kama wasichana.

"Mama, hata mimi naogopa," akamwambia. "Nikimtoa Jumatano atakuwa mdogo, huenda akahitaji kusaidiwa kupumua. Uchungu wa kuanzishwa ni mkali, unaweza kuchukua siku mbili, na pengine tukaishia kwenye kisu. Hayo yote nayaweza. Nikisubiri, kuna jambo moja nisiloliweza. Nawe unalijua."

Mama mkwe alizitazama nyayo zake. Kisha akauliza, "Utakuwepo?"

"Likizo yangu inaanza Jumanne," mkunga akajibu. "Itanisubiri mlangoni."

Jumatano saa mbili asubuhi wakampa kidonge cha kwanza. Saa nne mkunga akanifukuza ukumbini, akasema natembea kiasi cha kuwapandisha presha hata wasio na mimba. "Nenda kwenye mashine zako. Nikikuhitaji, sauti yangu unaijua." Nikaenda. Siku nzima hakukuwa na kitu. Kidonge cha pili, cha tatu. Alhamisi asubuhi wakamtundikia dripu, mama mkwe akaja kuniambia kwamba sasa uchungu umeshika kwelikweli, na kwamba mke wangu amenitaja kwa majina ambayo yeye, kama mama mzazi, hawezi kuyarudia.

Saa saba mchana mfuko wa chumba cha kujifungulia ukaletwa. Muuguzi aliyeuleta alikuwa mgeni, hakunijua mimi ni nani. Akautua mlangoni, akaondoka. Wenzangu walinitazama, mmoja akaizima redio mapema, kwa tahadhari. Nilisimama mbele ya mfuko ule nikashindwa kulifungua fundo ambalo nimelifungua kila siku ya maisha yangu ya kazi. Mwishowe nililivuta kwa meno.

Shuka zilikuwa zimesokotwa. Zimelowa, zimevurugika, kama kuna watu walipigana miereka ndani yake. Nikakaa juu ya rundo lile, nikalia kwa sauti, mwanamume mzima mwenye sifa zangu. Mwenzangu akaiwasha redio, akaongeza sauti mpaka mwisho ili nisisikike.

Binti yetu alikuwa na kilo mbili na robo. Alisaidiwa kupumua siku mbili, ya tatu akatukaripia. Mwasho wa mama yake ulitoka ndani ya wiki, kama mgeni aliyechoka kukaa. Mkunga alipoteza siku tatu za likizo, na hajawahi kuzidai.

Hayo ni ya kwangu. Wapo wengine, kila mmoja na lake. Amefundisha wanafunzi wa ukunga zaidi ya mia mbili, na wote huko waliko wanawavua watu viatu. Tangu mwaka juzi kadi ya kliniki ya hospitali yetu ina mstari mpya uliopigwa chapa: viganja na nyayo, vinawasha? Alipigania mstari ule miaka minane. Hakutaka uandikwe jina lake.

Sherehe itakuwa ukumbi wa chakula, saa nane mchana. Zawadi itakabidhiwa na binti yangu. Ni viatu, laini, vya kutembelea polepole, na saizi niliipata bila yeye kujua, maana nimemwona peku mara nyingi. Hotuba zitakuwa fupi, isipokuwa ya kwangu.

Mkunga wetu, asante kwa kila mfuko uliofika umesokotwa, na asante kwa zile shuka ulizozikunja. Nenda ukakae kwako, nyayo zako nazo zipate hewa. Tunakuombea siku ndefu, mwili mwepesi, na majirani wasiojua kwamba wewe ni mkunga, angalau mwezi wa kwanza.

Imebaki nafasi kidogo chini ya karatasi, na najua atasoma, na uongo haupendi. Watu huuliza tabia ya viatu ilianza lini. Ilianza miaka kumi iliyopita. Kuna mwanamke aliwashwa nyayo wiki tatu, na mumewe, bingwa wa sabuni, akamwambia ni sabuni tu. Akambadilishia sabuni mara tatu. Akamsuuzia nguo mara nne nne kwa mkono wake, akajisifu kwa jirani. Akamwambia asiende kuwasumbua wakunga kwa kitu cha dobi. Uchungu ulipomshika, alimpeleka wodini akicheka, akarudi kazini. Saa tisa mfuko ukafika, shuka zimekunjwa. Nikaizima redio mwenyewe, nikamsikitikia mtu nisiyemjua, nikazifua, nikazianika. Ndipo mkunga akaja kuniita.

Ile bahati niliyoanza nayo pale juu ni uongo. Mke wangu aliingia mara mbili.