Siku Nne za Taratibu Korongoni

Ndugu yetu tunayemsindikiza leo, Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, wengi mlimjua kwa jina la Taratibu, na hilo ndilo litakalotumika hapa. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na dada yake wa pekee. Kamati ya mazishi ilimshauri aandike kwamba kaka yake aliugua kwa muda mfupi. Ameshindwa, kwa sababu aliugua miaka kumi na miwili na sababu inajulikana.

Taratibu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa kwanza wa fundi wa pampu za maji na mshona nguo. Dada yake alimfuata miaka minne baadaye. Utotoni alimtengenezea dada huyo kigari cha mbao chenye magurudumu ya beringi, lakini kabla ya kumsukuma mteremkoni aliushuka kwanza kwa miguu, akaondoa kokoto mojamoja, akapanda tena kuhakikisha. Watoto wa jirani walishuka mara kumi wakaenda kula, wao bado wako juu. Mama yao alikuwa akisema huyu ukimtuma chumvi, mboga itaiva, itapoa, itachacha, naye ndiyo anatokea. Jina la Taratibu lilianzia hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1974 hadi 1980, akamaliza sekondari mwaka 1984, kisha akaingia chuo cha ufundi wa magari. Mtihani wa vitendo alirudia. Aliambiwa abadilishe plagi, yeye akafungua nusu ya injini kwa kuwa hakupenda mlio wake. Mwalimu aliandika kwamba kazi ni safi lakini muda umekwisha zamani.

Kuanzia 1987 alikuwa fundi katika karakana ya wapima ardhi, na huko ndiko alikoijua milima na jangwa lililo nyuma yake. Mwaka 1997 alianza kuongoza misafara ya wageni kwa magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, siku sita kupanda mlima, siku tano jangwani, mahali ambapo barabara ni alama za tairi za mwaka jana. Mwenda pole hajikwai, na yeye hakujikwaa. Mbele ya kila korongo alizima gari, akashuka, akalitembea lote akichoma chini kwa nondo. Kabla ya kuingia mchangani alipunguza upepo wa tairi hadi zikae bapa kama chapati, kwa kuwa mchanga ule haupitiki kwa tairi ngumu hata mita mia. Na kila gari katika msafara wake lilikuwa na daftari: kila kituo dereva aandike saa na namba ya mita ya kilomita, iwe mvua, iwe homa. Madereva walimnung'unikia lakini mikono yao ilizoea.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na karani wa kituo cha mafuta. Harusi ilichelewa dakika arobaini kwa sababu bwana harusi aliona daraja njiani akashuka kulikagua. Mkewe yupo hapa na anacheka, tunashukuru. Walijaliwa binti na mwana.

Dada yake aliolewa mwaka 2000. Mwaka uliofuata Taratibu alimpa shemeji yake gari la mwisho katika msafara. Anayeendesha gari hilo ndiye anayehakikisha hakuna anayeachwa, na Taratibu alisema nafasi hiyo humpi mtu usiyeweza kumpa mtoto wako amshike.

Jumanne tarehe 7 Februari 2012, ekseli ya gari la Taratibu ilikatika kwenye korongo la changarawe ukingoni mwa jangwa. Wageni wanane walijazana katika magari mawili yaliyobaki, na yeye akawapa karibu maji yote. Alibaki na lita tano na gari lake. Mpango ulikuwa rahisi: kituo cha maji kilikuwa kilomita themanini nyuma, kina redio, na shemeji angerudi na msaada kesho yake.

Alirudi Ijumaa. Alimkuta Taratibu chini ya gari, ulimi umevimba, hawezi kutamka. Nyumbani shemeji alieleza kwamba upepo ulifuta alama, kwamba alipotea mchangani siku tatu akimtafuta. Dada mtu alilia, akampikia uji, akamsugua miguu. Kwa miaka kumi na miwili alimwambia kila aliyemtembelea kwamba mumewe alihatarisha maisha kwa ajili ya kaka yake. Wengi wenu mlimsikia akisema hivyo. Leo anaomba radhi, maana aliwadanganya bila kujua.

Figo za Taratibu hazikupona. Aliacha safari mwaka 2015, na tangu 2021 alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Machi mwaka huu, dada alipokuwa akitafuta ufunguo wa akiba wa gari ili ampeleke kaka yake hospitali, alikuta daftari la gari la mwisho kwenye sanduku la vifaa vya mumewe. Mwandiko ni wa mumewe, ukurasa ni wa Februari 2012. Jumanne, saa tano asubuhi, kituo cha maji, 81,346. Jumanne, saa kumi na moja jioni, hoteli ya ziwani, 81,502. Jumatano, hoteli, 81,502. Alhamisi, hoteli, 81,502. Mtu huyu aliweza kutudanganya sote, ila mkono wake haukuweza kuacha kuandika mita.

Alipomuuliza, mumewe alijibu jambo moja tu. "Miaka kumi na mmoja nilikula vumbi lake. Wale wageni waliniita kiongozi, nikataka siku mbili tatu za kuwa mbele. Dereva mwenzangu na wageni niliwaambia msaada umeshaitwa kwa redio. Nilidhani maji yatamtosha."

Dada alimkimbilia kaka yake akidhani anampelekea habari mpya.

"Nilijua siku ileile, mdogo wangu," Taratibu alimwambia. "Alikuja na tairi ngumu, zimejaa upepo wa barabarani. Hakuwahi kukanyaga mchanga."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Ningekuambia ili iweje?"

Taratibu alimwomba dada asiseme hata baada ya yeye kufa, kwa heshima ya nyumba ya dada. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hizo dada ndiye aliyekuwa akizifua, kaka yake akimtazama. Dada alimpenda sana kaka yake. Pia amemkasirikia hadi leo, na hajui amwambie nani sasa. Agizo hilo amekataa kulitii, kwa sababu ukimya ule ulimsitiri aliyekosa tu.

Taratibu alifariki Ijumaa tarehe 3 Mei 2024, saa tatu asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke, binti na mwana, wajukuu watatu, dada mmoja na wapwa wawili. Shemeji yake yupo, safu ya pili. Kwenye ratiba mliyoshika, jina lake limechapwa la sita kati ya wabeba jeneza. Ratiba ilichapwa kabla dada hajaamua. Shemeji abaki amekaa. Nafasi ya sita ataibeba dada.

Kaka yetu apumzike. Sisi wengine bado tuna ya kusemezana.