Chupa ya Jumapili na Chupa ya Kila Siku

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya kreti mbili za soda, kati ya kibanda cha fundi saa na ukuta wa duka la vifaa vya umeme. Kahawa anauza Mama Birika, mwanamke wa maneno machache na yote makali, ambaye hukaa kwenye stuli yake mwenyewe kwa kuwa hauamini ubao ule wala wanaoukalia. Jumanne hiyo, saa kumi alasiri, waliokalia walikuwa watatu. Mmoja ni Fundi Saa mwenyewe, mgane wa miaka sitini na mbili, mtaratibu mpaka anakera. Wa pili ni Meja, ambaye hakuwa mwanajeshi hata siku moja; alilinda mlango wa ghala la hoteli miaka kumi na tisa, na kofia ya kazi ikamkaa kichwani mpaka leo. Wa tatu ni Maktaba, tarishi mstaafu, aliyebeba mafaili ya watu muda mrefu hadi akaamini ameyasoma. Katikati yao, zimekaa wima kama wageni walioalikwa, chupa mbili za divai.

Si divai za kawaida. Ni zile nzito, ambazo wanaozitengeneza huziongezea pombe kali ili zipate nguvu. Fundi alizinunua mbili kwa mpango. Moja iwe ya kila siku, kiglasi kimoja jioni akishafunga kibanda. Nyingine iwe ya Jumapili, na hiyo Jumapili ndiyo iliyokuwa inamnyima usingizi. Alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwa Bi Mshonaji, mjane wa mtaa wa pili, mwenye cherehani tatu na ulimi wa kutosha cherehani nne. Kaka yake mkubwa atakuwepo. Kaka akiridhika, Fundi atapata mke. Kaka akinuna, Fundi atarudi kula kiporo mbele ya redio.

Dada wa duka la vinywaji alimweleza vizuri kabisa ipi ni ya nini. Tatizo lilikuwa saa ya mkononi ya yule dada. Ilikuwa inachechemea. Fundi aliisikiliza mwanzo hadi mwisho, akatoka dukani akijua kwamba saa ile inachelewa dakika nne kwa siku, na hajui kitu kingine. Bei ilikuwa moja. Lebo zilikuwa za lugha ambayo hata Maktaba, baada ya kuigeuza chupa juu chini, alikiri kwamba hawajawahi kukutana.

— Rudi ukamuulize, alisema Mama Birika.

— Nimesharudi.

— Akasemaje?

— Alinieleza tena. Saa bado ilikuwa mkononi.

Mama Birika alimimina kahawa bila kumwangalia, kama mtu anayemwagilia ua lililokwisha kufa.

— Jambo dogo hili, alisema Meja. Ya shughuli ni ile yenye vumbi. Pale hotelini kulikuwa na chupa ambazo kazi yangu ilikuwa kuzuia zisipanguswe.

— Zote mbili zinang'aa, Meja.

— Basi umezipangusa.

— Sijazigusa.

— Basi kapangusa yule dada. Moja kashaiharibu. Tunachotafuta sasa ni ipi.

Maktaba alitabasamu kwa huruma. Moja ya chupa ilikuwa na divai nyeupe, rangi ya majani makavu. Nyingine ilikuwa nyeusi kwa mbali, na nyekundu ukiiinua juani. Aliziinua zote mbili, akazishusha.

— Mabwana, hii pombe kali waliiongeza ili divai istahimili safari za melini. Hilo limeandikwa. Sasa fikirini. Kama imetengenezwa kwa ajili ya safari, basi kadiri inavyosafiri ndivyo inavyoiva. Hizi zimetembea kutoka dukani mpaka hapa, hatua mia moja. Bado mbichi. Mpe mtu wa pikipiki azungushe nazo mjini mpaka Jumamosi.

— Zikivunjika?

— Itakayobaki ndiyo ya Jumapili.

Fundi alilifikiria jambo hilo kwa dakika nzima, na hapo ndipo utajua alivyokuwa amebanwa.

— Usimsikilize huyu, alisema Meja. Chupa hupimwa kwa mlio. Ya harusi inalia juu, ya msiba inalia chini.

Akaigonga nyeupe kwa pete yake. Ikalia. Akaigonga nyeusi. Ikalia vilevile.

— Umesikia tofauti?

— Hapana.

— Ni ndogo sana. Inataka sikio.

— Mimi kazi yangu ni sikio, Meja.

— Kaka mtu anafanya kazi gani? aliingilia Maktaba.

— Alikuwa mpima ardhi.

— Nilijua. Basi nyeusi usithubutu. Mpima ardhi asipoona chini ya glasi atahisi umemficha mpaka. Nawajua watu hao, nimebeba mafaili yao. Atainuka mezani, aanze kupima chumba kwa hatua.

— Lakini nyeupe nayo, alisema Meja, inafanana na kitu kingine ambacho sitakitaja mbele ya Mama Birika.

— Mwaoa kaka mtu au mwaoa dada mtu? aliuliza Mama Birika.

Fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba labda abebe zote mbili. Meja akamwambia mbili ni za mlevi. Moja, alisema Maktaba, ni ya bahili. Basi tatu? Tatu ni za mfanyabiashara, utaulizwa leseni.

Wao walikuwa wanastarehe. Fundi hakuwa anastarehe. Kibandani mwake zilining'inia saa arobaini, na tangu mkewe afariki, miaka minne sasa, hakuna hata moja iliyowahi kumuuliza kama amekula. Bi Mshonaji alimuuliza mara moja, alipoleta saa yake ya ukutani kutengenezwa. Alimuuliza hivihivi, huku anatafuta risiti kwenye pochi. Siku ile Fundi alikosea kufunga parafujo tatu.

Na hapo hapo akatokea, mwenyewe, utepe wa kupimia ukiwa shingoni, amekuja kuchukua saa yake. Kijiweni hakuwa na mazoea ya kusimama. Maktaba aliitupia chupa moja kofia ya Meja. Meja aliibana nyingine katikati ya miguu, akakaa kama mtu anayesubiri daktari.

— Hizo chupa, alisema Bi Mshonaji, mnamficha nani?

— Karibu, shemeji, alisema Meja, kisha akakohoa ili neno lile lirudi ndani. Halikurudi.

Fundi hakuwa hodari wa kusema uongo. Ni kipaji kinachotaka haraka. Akaeleza yote: Jumapili, kaka, dada wa dukani, saa inayochechemea, vumbi, pikipiki, mlio. Bi Mshonaji alimsikiliza hadi mwisho. Hakucheka, jambo lililomtisha Fundi zaidi.

— Na wewe mwenyewe unapenda ipi?

Fundi alimtazama Meja, Meja akamtazama Maktaba, na Maktaba akamtazama Mama Birika, ambaye alianza kuosha kikombe kilichokuwa safi.

— Meja, umekaa na chupa hizi miaka kumi na tisa. Ulikuwa unakunywa ipi?

— Mimi nilikuwa nje ya mlango, dada.

— Maktaba?

— Nimesoma.

— Nimeuliza kuonja.

— Nimesoma sana.

Bi Mshonaji akaichukua nyeusi, akazungusha kizibo chake, kikatoka bila ugomvi. Akafanya vivyo hivyo kwa nyeupe. Mama Birika akapanga vikombe vya kahawa bila kuambiwa, na chake akakiweka mwanzo wa mstari. Walimiminiwa kidogo kidogo, kiasi cha dawa ya kikohozi.

Nyeusi ilikuwa tamu, kama sukari iliyoungua pamoja na zabibu kavu. Meja alifumba macho, akatangaza kwamba hiyo ndiyo, alisema tangu mwanzo. Nyeupe ilikuwa kavu, ina uchungu wa ganda la njugu na chumvi kwa mbali. Maktaba aliimeza kwa heshima, kisha akaomba maji.

Fundi alionja nyeusi. Akaonja nyeupe. Akairudia nyeupe. Uso wake ukafanya kitu ambacho kijiwe hakikuwa kimekiona kwa muda mrefu.

— Hii, alisema.

— Hiyo chungu? aliuliza Meja.

— Hii. Naipenda hii.

— Una hakika? aliuliza Bi Mshonaji.

— Nina hakika.

Bi Mshonaji alimtazama, kisha akaitazama chupa.

— Basi una shida nyingine. Kabla ya cherehani niliosha glasi kwenye baa ya hoteli, miaka sita. Nyeupe hii ikishafunguliwa haikai. Walikuwa wanaikimbiza kwenye friji, na siku chache tu ilikuwa imechoka. Nyeusi utaifunga, itakaa wiki kadhaa na haitalalamika.

— Kwa hiyo ya Jumapili ni nyeusi, alisema Maktaba, kama aliyeligundua yeye.

— Ni nyeusi. Kaka anapenda vitu vitamu.

Akakirudisha kizibo cha nyeusi, akaiweka kwenye mfuko wake.

— Na hii nyeupe? aliuliza Fundi.

— Nina friji.

Fundi alihesabu siku kwa vidole.

— Leo Jumanne.

— Najua leo ni siku gani.

— Kaka yako Jumanne hayupo.

— Hayupo.

Fundi Saa aliingia kibandani, akatoka na saa ya ukutani kwapani, akafunga kufuli. Ulikuwa umebaki muda wa saa moja na nusu kufikia wakati wake wa kufunga, na hakuangalia saa yoyote. Akaichukua ile chupa nyeupe, akaufunika mdomo wake kwa kiganja, akamfuata Bi Mshonaji barabarani akijitahidi kutokimbia.

Maktaba aliinama, akaokota kitu kwenye ubao.

— Amesahau kizibo. Nimkimbilie?

— Kaa chini, alisema Mama Birika. Hawatakihitaji.