Spana, Aliyeunganisha Mipira ya Zimamoto

Marehemu kaka yetu, ambaye hata mkewe alimwita Spana, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kituo cha zimamoto cha mji wetu wa mpakani, akiwa mtoto wa pili wa dereva wa kituo hicho. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu mwaka 1981 na cheti cha uchongaji vyuma na mdomo usiojua kunyamaza.

Mwaka uliofuata aliajiriwa zimamoto.

Alifunga ndoa tarehe 12 Septemba 1987. Siku hiyohiyo ghala la pamba liliwaka ng'ambo ya mpaka, king'ora kikalia, bwana harusi huyoo, mbio na suti yake. Alirudi jioni amelowa chapachapa.

"We! Suti yenyewe ya kuazima!" bibi harusi alimaka.

"Mke wangu, mipira yao ya maji na yetu haishikani," alijibu. "Magari yao yametoka nchi nyingine, yetu nyingine. Tumesimama pale kama mazuzu, na maji tunayo!"

Haukupita mwezi, alikuwa amechonga kiungo cha shaba cha kuunganisha mipira ya pande mbili. Kwa miaka mingi yeye na fundi mwenzake wa ng'ambo, ambaye waliitana naye Pacha, walivuka kuzimiana moto bila kuulizwa na mtu.

Kisha yakaja masharti mapya: kuvuka ni kwa kibali. Soko la ng'ambo lilipoungua mwaka 2019, Spana alizuiwa mpakani, gari limejaa maji, akiutazama moshi hadi paa likaanguka. Walikufa watu wanne. Tangu hapo utani ulimtoka, na tuseme wazi, jambo lile lilimla.

Mwaka jana aliugua mapafu. Hospitali ya karibu ya kifua iko ng'ambo; alivushwa kwa kibali cha mgonjwa, na ni Pacha aliyemhangaikia na kumuuguza. Alifariki hukohuko Jumanne, tarehe 4 Februari 2025. Jana Pacha na wenzake walitupokeza jeneza juu ya chuma cha kizuizi cha mpakani. Pacha mwenyewe alikatazwa kupita.

"Mwanangu," shemeji yetu, mjane wake, alimwambia ofisa wa mpaka, "huyu aliingia kwao moto unawaka. Mwenzake asiingie kumzika?"

"Mama, mimi sina amri."

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake, na Pacha, ambaye tangu alfajiri amesimama upande wa pili wa kizuizi. Kibali chake, tumeambiwa, kitatoka Jumatatu, nasi tunazika leo. Mungu amlaze Spana pema.